Fundi Aliyepungua Sentimita Tano

Fundi cherehani mmoja, mama wa miaka sitini na mbili, alikuwa amekosea vipimo mara mbili tu maishani, na mara zote mbili, kwa maelezo yake, kosa lilikuwa la mteja aliyebana pumzi. Kwa hiyo gauni lake jipya la buluu lilipomkataa, hakujishuku hata chembe. Alishuku kitambaa.

Mbele lilifagia sakafu, nyuma lilipanda kama linataka kutoroka.

"Kitambaa kimelegea," alimwambia mkwewe, mke wa mwanawe, ambaye walishona pamoja katika chumba cha mbele. Akafumua pindo, akakata, akashona upya. Likazidi kuharibika. Akailaumu pasi. Akavilaumu viatu. Siku ya tatu alikuwa ameshaanza kumtafutia makosa muuza uzi.

"Mama," mkwewe akauliza kwa upole, "umelikata kwa vipimo gani?"

"Vyangu, vya kwenye daftari."

"Vya lini?"

"Vya zamani kidogo."

"Basi simama hapo ukutani nikupime."

Alisimama, visigino vimegusa ukuta, kidevu juu kama askari wa gwaride. Mkwe akaisoma futi ya kupimia, kisha akaisoma tena.

"Mia moja hamsini na nane."

"Mia moja sitini na tatu," fundi akamsahihisha. "Hiyo futi imechoka."

Wakafungua mpya. Nayo ikasema mia moja hamsini na nane.

Jioni fundi alimpigia simu mdogo wake wa kike, ambaye ni muuguzi, apate mtu wa kucheka naye. Mdogo mtu hakucheka. Kwa miaka sita alikuwa akimwambia jambo lile lile: mama yao alivunjika nyonga kwa kujikwaa tu kwenye mkeka, na mwanamke akishakoma hedhi mifupa huanza kupungua uzito, basi akapime. Na kila mara fundi alimjibu kwamba mifupa yake haimuumi.

"Haiumi, Dada, na hapo ndipo penye shida. Inakonda kimya kimya mpaka siku ivunjike. Kesho kutwa nakuja kukuchukua."

Hospitalini, mama wa chumba cha kipimo alimwomba atoe kila kitu cha chuma. Fundi akatoa pini kwenye kola. Akatoa nyingine mbili kwenye mkono wa gauni, moja kwenye kilemba, na sindano kifuani ambayo aliitafuta wiki nzima na kumsingizia mkwewe kaipoteza.

"Mama, umekuja kupimwa au kufungua duka?"

Mashine haikumtia kwenye shimo lolote kama alivyohofia. Alilala chali, mkono wa mashine ukapita juu yake taratibu, na hajamaliza hata sala yake akaambiwa ainuke.

Daktari hakuzunguka mbuyu. Mifupa ilikuwa imepungua uzito sana, na picha ya mgongo ilionyesha pingili mbili zimebonyea; ndizo zilizomfupisha na kumwinamisha mbele.

"Lakini mimi sikuanguka!"

"Mifupa ikishakuwa dhaifu, hata kunyanyua kitu kizito kunatosha."

Fundi akakumbuka siku aliyoinua cherehani peke yake, kwa kiburi tu, mgongo ukalia kama uzi unaokatika. Alijichua dawa wiki mbili, akawaambia wateja ubaya ni wa kiti.

"Hizo pingili zitarudi kama zamani?"

"Hizo hazirudi. Ungekuja mapema pengine tungeziokoa. Sasa tutazilinda zilizobaki."

"Miaka thelathini nafupisha nguo za watu," fundi akasema, "kumbe na mimi nafupishwa." Akacheka, machozi yakamtoka, akadai ni vumbi.

Daktari akaandika dawa, akamtaka ale vizuri, atembee kila siku, na aondoe sakafuni chochote cha kumkwaza. Kisha akamgeukia muuguzi, aliyekaa kando ya dada yake. "Na wewe, mdogo mtu? Ulipima lini?"

Muuguzi akatazama dirisha. "Kazi nyingi, daktari."

"Hujapima?" Fundi aligeuka mzima mzima, kwa raha isiyofaa kabisa mbele ya daktari. "Miaka sita unanihubiria!"

Wiki iliyofuata fundi ndiye aliyempeleka mdogo wake, akamkalia mlangoni asije akakimbia. Mifupa ya muuguzi ilikuwa imeanza kupungua kidogo tu, na hakuna pingili iliyoguswa. Akaambiwa aangalie chakula, afanye mazoezi, arudi kupima baada ya miaka miwili. Fundi akafurahi, kisha akaona wivu, kisha akauonea aibu wivu wake, yote hayo kabla hawajafika kwenye geti.

Siku hizi wanatembea pamoja kila asubuhi. Fundi huanza kwa mbwembwe, amemwacha mwenzake nyuma, mpaka kona ya kwanza. Hapo husimama akakodolea macho mshono wa gauni la mpita njia, aukosoe kwa kirefu, hadi pumzi zimrudie.