Fundi Aliyekuja Kukagua Akiwa Ameshazikwa

Neno lilitoka kwa msusi, siku Mama Mapacha alipokuwa amekaa kati ya magoti yake, nusu ya kichwa imesukwa na nusu bado. Msusi alisema yule fundi wa umeme ambaye jina lake liko kwenye karatasi za ukaguzi wa nyaya za nyumba zote za mtaa alishakufa, na ana miaka miwili kaburini. "Mimi ndiye niliyemsuka mjane wake," alisema. Waliokuwepo wakacheka, na Mama Mapacha akacheka nao. Lakini lile neno likamganda. Alipika nalo, akafua nalo, akalala nalo.

Sababu ni kwamba moja ya karatasi hizo ilikuwa chini ya godoro lake.

Nyumba waliachiwa na mama mkwe. Nyaya zake zilikuwa za zamani sana, ukichomeka pasi taa zinasinzia. Baba Mapacha alitaka kumwita yeyote mwenye bisibisi. Mama Mapacha akagoma. Alisema ana watoto wawili wa miaka saba wasiojua kutulia, kwa hiyo anataka fundi aliyesomea kazi, mwenye leseni, azing'oe nyaya zote aweke mpya. Shemeji yake akamleta rafiki yake, mtu mchangamfu wa kupiga mluzi, akafanya kazi siku mbili. Alipomaliza akatoa karatasi yenye jina la fundi mwenye leseni, namba ya leseni na muhuri wa mviringo. Mama Mapacha aliisoma mara tatu, herufi kwa herufi, akaridhika. Alikuwa ameomba kuiona leseni. Kuomba kumwona mwenye leseni hakukumjia akilini.

Wiki hiyohiyo bomba la bafuni likaanza kung'ata. Pacha mmoja alilishika akiwa na maji mkononi, akarushwa hadi mlangoni.

"Ni baridi tu hiyo," shemeji alisema. "Hawa watoto wako, shemeji, wangefaa maigizo."

Jumatano, saa nne asubuhi, marehemu akapiga hodi. Alivaa ovaroli ya bluu iliyonyooshwa vizuri, miguu peku, na mkononi alikuwa na orodha ndefu aliyotoka nayo huko alikotoka. Mama Mapacha alikuwa anachambua mchele. Akamkaribisha, akamsogezea kigoda.

"Unisamehe kwa kuchelewa, mama," fundi alisema. "Nyumba zenye jina langu ni nyingi. Nilipokuwa hai nilimaliza mbili kwa mwezi. Tangu nife nimeandikiwa themanini, na sijagusa waya hata mmoja."

"Pole na kazi, fundi."

"Mjomba, viatu vyako viko wapi?" pacha wa pili akauliza.

"Sikuzikwa navyo."

"Haya," pacha akasema, akarudi kwenye mchezo wake.

Fundi aliweka sikio ukutani, chumba kwa chumba. Nyuma ya soketi ya pasi alisikia waya mwembamba, wa kufungia spika za redio. Bafuni alikaa muda mrefu. Alipotoka alisema waya wa athi, ule wa kijani na njano unaoupeleka umeme ardhini ukipotea njia, umetoka kwenye meinswichi, umefika pembeni mwa ukuta, umekatwa, na ncha yake imefukiwa kwenye plasta. Ardhini hakuna kitu.

"Kwa hiyo umeme ukipotea unapita wapi?"

"Unapita kwa mtoto."

"Basi tengeneza, fundi, maadamu umefika."

Akanyoosha mkono kuchukua bisibisi. Mkono ukapita katikati ya bisibisi, ukatokea upande wa pili. "Naona tu, mama. Kukaza siwezi tena."

Mama Mapacha akazima umeme wa nyumba nzima, akachomoa fyuzi, akaitia kifuani, akavaa kandambili. Wakaenda wote wawili hadi ofisi inayopitisha nyaya za majumbani.

Kwenye benchi walimkuta yule rafiki wa shemeji anapiga mluzi, na fomu sita mapajani. Mama Mapacha akampita.

"Nyumba yangu haina athi," alimwambia karani, "na aliyeisaini ni marehemu. Huyu hapa, muulizeni."

Karani alitazama juu ya miwani. "Fundi! Umepotea sana. Muhuri huu ni wako?"

"Muhuri ni wangu. Kusaini sikusaini. Siku hiyo nilikuwa nimeshazikwa."

"Habari ya kufa kwako haipo kwenye faili."

"Nimeileta mwenyewe."

"Ukiileta mwenyewe, basi upo." Karani akachukua kalamu. "Nyumba ya huyu mama umefika?"

"Nimefika. Itaua mtu."

Karani akaandika: *Fundi amefika.* Akafungua droo, akatoa muhuri wa marehemu, ambao ulikaa humo miaka yote miwili ili kazi zisisimame, akagonga. Kisha akapokea zile fomu sita kutoka kwenye benchi, akagonga mara sita. Kila alipogonga, mstari mpya uliongezeka kwenye orodha ya fundi.

"Hizo sita nani amezikagua?" Mama Mapacha alipaza sauti. "Nakuuliza wewe! Watoto watakufa!"

"Mama, hii ni ofisi. Wakifa kuna dirisha lake. Namba tatu."

Mama Mapacha alimtafuta fundi mwingine, mwenye leseni na mwenye uhai. Alikuja na viatu vyake, akapima, akakubaliana na marehemu kwa kila kitu. Ila alisema nyumba imeshapitishwa, hana ruhusa ya kuigusa mpaka fundi wa kwanza aandike kwamba ameiachia. Na marehemu hashiki kalamu. Baba Mapacha analalamika gizani, shemeji anacheka, na fyuzi iko kifuani mpaka leo.

Fundi bado huja kila Jumatano. Juzi alifuatana na mwanamke mwenye beseni la nguo mbichi kiunoni, peku. Nyumba ya huyo mama ilikuwa ya nne katika zile sita. Mama Mapacha akawasogezea vigoda viwili. Yule mama alishukuru, akasema hawezi kukaa, kazi ni nyingi na yeye amepewa kukagua mabafu.

Kwa hiyo wewe unayetaka kubadilisha nyaya, haya usiyafanye:

Usipokee karatasi kabla hujamwona mtu mwenye jina lile, akipumua, akifanya kazi kwa mikono yake.

Usichukue fundi kwa kuwa ni rafiki wa fulani.

Usiruhusu plasta mpaka uonyeshwe shimo ambamo athi inaingia ardhini.

Usikubali waya mwembamba kwenye soketi ya pasi wala ya jiko, hata ukiambiwa ni wa kisasa.

Mtoto akisema bomba linang'ata, usimbishie.

Na mpaka uwe na hakika, usimwache aingie bafuni peke yake.