Jina Lililotajwa Barazani

Baiskeli ilipata pancha mara ya pili kabla Mwalimu Asheri hajafika Kwashembe. Akaishusha bondeni, akaipindua miguu juu, akatoa mpira na kuuzamisha kwenye maji ya kijito ili aone mapovu yanatokea wapi. Masika ya mwaka ule wa hamsini na tisa yalikuwa yamekwisha, lakini njia kutoka Maramba ilikuwa imechimbwa na maji, makorongo kila mahali, na mtu mwenye baiskeli alikuwa akitembea zaidi kuliko alivyopanda.

Alikuwa na kiraka kimoja tu kilichobaki. Alikibandika, akakibonyeza kwa kidole gumba huku akihesabu hadi mia, kisha akaendelea kwa miguu, akiisukuma baiskeli kwa kuihurumia. Nyuma, kwenye keria, alifunga mkoba wa ngozi. Ndani ya mkoba mlikuwa na kijitabu kilichopigwa chapa Dar es Salaam, chenye maneno yote yaliyosemwa katika Baraza la Kutunga Sheria mwezi wa Mei. Ukurasa mmoja alikuwa ameukunja pembe. Ukurasa ule ndio aliokuwa akiupeleka Kwashembe, kwa mwanamke mmoja mfagiaji asiyejua kusoma, amwonyeshe kwa kidole: jina lako hili hapa.

Asheri alikuwa mwalimu wa shule, Msambaa, Mlutheri, mwenye mke na watoto wanne katika nyumba ya vyumba viwili kule Makorora. Septemba iliyopita watu walimchagua awe mjumbe wa Baraza. Hakuwa mtu wa maneno makubwa jukwaani. Sifa yake ilikuwa kuuliza. Shuleni aliwasumbua wakaguzi kwa maswali, na Barazani alifanya vivyo hivyo. Aliuliza kwa nini kisima fulani kimekauka, kwa nini daraja fulani limejengwa nusu, na kila swali kabla ya kuliandika alikwenda mwenyewe kutazama.

Ndivyo alivyofika Kwashembe mara ya kwanza, mwezi wa Februari. Aliikuta zahanati ya vyumba vitatu, dresa mmoja wa kufunga vidonda aitwaye Uweso, na mfagiaji mmoja, Mwatumu binti Makame, Mdigo wa makamo, mfupi, mwenye mikono mipana. Kibao kwenye mlango wa chumba kimoja kiliandikwa MKUNGA. Nyuma ya mlango ule mlikuwa na ndoo, mifagio na magunia matupu. Alipomuuliza Mwatumu wanawake wanazalia wapi, Mwatumu aliegemeza ufagio ukutani akamwambia, "Kwangu, mwanangu. Wanizalia mkononi." Akamhesabia. Watoto thelathini na mmoja kwa miaka miwili. Watatu walifariki, na mama mmoja. Yule mama alimtaja kwa jina, kisha akauchukua tena ufagio wake.

Sasa Asheri aliegemeza baiskeli kwenye ukuta wa zahanati. Kibao cha MKUNGA kilikuwa palepale. Uani palikuwa na majani makavu ya siku nyingi, hayajafagiliwa. Dresa Uweso alitoka mlangoni, akamwona, akarudi nyuma hatua moja.

"Karibu, mheshimiwa," alisema bila kumtazama usoni.

"Starehe, bwana Uweso. Bi Mwatumu yuko wapi?"

"Yuko kwake."

"Anaumwa?"

Uweso alifuta mikono kwenye koti lake ingawa mikono ilikuwa mikavu. "Nenda ukamuulize mwenyewe, mheshimiwa. Mimi nina watoto."

Nyumba ya Mwatumu haikuwa mbali, ng'ambo ya mihogo. Alimkuta amekaa barazani, miguu ameinyosha, anasuka makuti. Rundo la makuti yaliyokwisha kusukwa lilimfika kiunoni. Ilionekana wazi kuwa kazi ile haikuwa ya asubuhi moja.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwalimu. Karibu. Kaa hapo kwenye kigoda, mkeka umelowa."

Asheri alikaa. Alikuwa bado ameshika mkoba. "Mbona hukwenda kazini?"

"Kazi gani?" Mwatumu alifika mwisho wa kuti, akalifunga, akalitupa juu ya rundo. "Waliniita Muheza. Kulikuwa na mzungu mmoja na karani wake. Karani akanisomea karatasi. Ati nimefanya kazi ya ukunga bila cheti, na jina langu limetajwa Dar es Salaam mbele ya wakubwa wote. Wakaniachisha kazi. Wakanibandikisha kidole kwamba sitamshika mzazi tena, na nikimshika, miezi sita ndani."

Asheri alihisi kama mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwapo.

Alilikumbuka kila neno la siku ile. Alisimama akasoma swali lake kwa Kiingereza, alichokuwa amekifanyia mazoezi chumbani mbele ya mkewe: je, serikali inajua kwamba zahanati ya Kwashembe haina mkunga? Mkubwa wa utabibu alinyanyuka akajibu kwamba serikali haijui jambo hilo, kwa sababu mkunga amepangiwa Kwashembe tangu Machi 1957. Asheri akasimama tena. Kupangiwa si kufika, yuko wapi? Yuko mjini Tanga kwa muda, akasema yule mkubwa, akingoja kujengewa nyumba. Na nyumba? Hilo waulizwe watu wa ujenzi. Mkubwa wa ujenzi akanyanyuka akasema wao wako tayari siku yoyote, wanangoja kiwanja, na kiwanja kinatolewa na mamlaka ya wenyeji. Mamlaka ya wenyeji haikuwa na kiti mle ndani. Basi swali likabaki limening'inia, wajumbe wengine wakaanza kukunja karatasi zao.

Ndipo damu ikamchemka. Akauliza, kama ni hivyo, kwa miaka hii miwili wanawake wa Kwashembe wanazalishwa na nani?

Mkubwa wa utabibu alitabasamu kwa adabu. Alisema kwamba kama mheshimiwa anamjua mtu asiye na cheti anayefanya kazi hiyo, serikali itashukuru kupata jina lake.

Na Asheri akalitaja. Alilitaja kwa sauti, kwa fahari, kama mtu anayetangaza mshindi. Akasema mwanamke huyu ni mfagiaji, amepokea watoto thelathini na mmoja, na nchi nzima inapaswa kumshukuru. Wenzake waligonga meza. Alikaa chini jasho likimtoka, moyo umejaa, akidhani ameshinda.

"Mama," alisema sasa, "ni mimi niliyelitaja."

"Najua. Karani aliniambia."

"Nilidhani watakusifu. Nilidhani wataona haya."

Mwatumu alichukua kuti jingine, akaligawa njia mbili. "Siku ile ulipokuja uliniuliza mengi, mwanangu. Wangapi wamezaliwa, wangapi wamekufa, maji nachemsha wapi, wembe napata kwa nani. Moja tu hukuniuliza. Hukuniuliza kama jina langu ulichukue."

Asheri aliufungua mkoba, akaufunga tena. Alianza kusema kwamba atarudi Barazani, kwamba kikao cha Oktoba ataleta swali jingine, ataomba arudishwe kazini kwa barua rasmi. Maneno yalikuwa yakimtoka na yeye mwenyewe akiyasikia yalivyo mepesi. Mwatumu alimwacha amalize.

Kelele zilitokea upande wa zahanati. Wanaume wanne walikuwa wakija mbio katikati ya mihogo wamebeba kitanda cha kamba, na nyuma yao wanawake wawili. Juu ya kitanda alilala msichana aliyefunikwa kanga hadi kidevuni. Mbele alikuwa mumewe, Kombo, kijana mkata mkonge, shati limelowa jasho.

"Bibi Mwatumu," Kombo aliita kabla hawajafika, "ni Chiku. Ana uchungu tangu juzi alfajiri. Dresa amekataa kumpokea. Ati amri, mpaka mkunga aje. Ati tumpeleke Muheza."

"Lori la shamba?"

"Limepita asubuhi, bibi, halirudi mpaka kesho."

Wakakitua kitanda barazani. Chiku hakulia. Alikuwa amekwisha pita mahali pa kulia; macho yalikuwa wazi, midomo imekauka na kupasuka. Mwatumu alimtazama, kisha akatazama mikono yake mwenyewe iliyochanwachanwa na makuti. Kila mtu pale alijua habari ya kile kidole kilichobandikwa.

Asheri alisimama. "Mama, usijitie hatarini kwa sababu yangu. Nitapanda baiskeli mpaka Maramba, nitafute gari."

"Kwenda na kurudi ni magharibi," Mwatumu alisema. "Huyu hana magharibi." Akainuka, akafunga kanga yake kiunoni. "Mwingizeni ndani. Wewe mwanamke, koka moto. Mwalimu, wewe kaa nje na hao wanaume. Na ukiulizwa, hukuona kitu."

Mlango wa makuti ukavutwa. Asheri alibaki barazani pamoja na Kombo, ambaye alikuwa amekaa chini akiuma ncha ya kola yake. Jua lilipanda mpaka utosini, likaanza kuinama. Kutoka ndani ilisikika sauti ya Mwatumu, ya chini, isiyokatika, ikisema sukuma, pumzika, bado, sukuma tena mwanangu. Mara moja Chiku alipiga ukelele mmoja mrefu. Baadaye Mwatumu alisema neno ambalo Asheri hakulisikia vizuri, na mmoja wa wanawake akaanza kulia.

Walingoja sauti ya mtoto. Kombo aliinua kichwa, akakiinamisha, akakiinua tena. Haikuja.

Katika ukimya ule ndipo alipofika Msafiri, tarishi wa jumbe wa kijiji, na kofia yake nyekundu, mkononi ana daftari na penseli. Aliamkia watu wote kwa utaratibu, akamwona Asheri, akashtuka kidogo, lakini kazi ni kazi.

"Dresa amepeleka habari kwa jumbe," alisema, "kwamba kuna mzazi ameletwa huku. Nimetumwa niandike nani anamzalisha."

"Andika mimi," Asheri alisema.

Msafiri alicheka kidogo, akaona mwenzake hacheki. "Mwalimu, utani huo utaniponza."

"Si utani. Andika. Asheri wa Makorora, mjumbe wa Baraza la Kutunga Sheria, hana cheti. Peleka hivyo Muheza. Wakija kunishika watanikuta nyumbani."

Msafiri aliilamba ncha ya penseli, akasita. Hakujua kama karatasi kama ile imewahi kuandikwa, na yeye hakutaka kuwa wa kwanza.

Mlango ukafunguliwa. Mwatumu alitoka, mikono imelowa mpaka kwenye viwiko, uso umezeeka tangu asubuhi. Alimtazama Kombo kwanza. "Mkeo yu hai," alimwambia. "Damu imesimama. Mtoto, Mungu amemchukua. Mmechelewa, mwanangu. Kama mngemleta jana." Kombo alitikisa kichwa, akaendelea kukitikisa.

Kisha Mwatumu akamgeukia tarishi.

"Mwache mwalimu. Jina lake halihusiki hapa. Andika Mwatumu binti Makame."

"Mama," Asheri alisema, "niachie mimi hili moja."

"Sikuachii. Kazi hii nimeifanya mimi." Hakusema kwa ukali. "Haya, Msafiri, andika. Mama mzima, mtoto amekufa. Tena andika, dresa amemkatalia mlangoni. Tena andika, mkunga wa serikali hayupo, wala leo hayupo, wala jana hakuwapo."

Penseli ilikwenda polepole, ikaandika jina, ikaandika mtoto amekufa, ikasimama.

"La mkunga sikutumwa, bibi," Msafiri alisema, akafunga daftari. Alionekana kweli kusikitika. "Nimetumwa la nani amezalisha. Hilo jingine sikutumwa."

Alivaa kofia vizuri akaondoka kwa njia ya mihogo, akitembea upesi kama mtu anayeogopa kuitwa. Asheri alimtazama mpaka alipopotea.

Kutoka ndani Chiku aliuliza, kwa sauti nyembamba, mtoto ni wa kike au wa kiume. Wale wanawake wawili hawakumjibu. Akauliza tena.

Mwatumu alikausha mikono kwenye kanga, akainama mlangoni, akaingia kumjibu.