Salamu Iliyoziba Mlango

Kwenye kioo cheusi cha kompyuta ilisimama salamu, imenyooka kama mwanafunzi mbele ya mkaguzi. Chini yake, palipopaswa kuwa na barua ya marehemu, palikuwa na weusi mtupu.

Mwalimu mstaafu alirekebisha miwani. Marehemu mkewe aliacha sandukuni barua alizomwandikia bila kumpa, kwa lugha ya kwao, ambayo mume alijifunza wakati wa uchumba. Wino ulikuwa umefifia, macho nayo yamechoka. Mjukuu wake wa kike, fundi wa programu asiyeijua lugha ile, alizinakili umbo kwa umbo ili babu azisome kiooni kwa maandishi makubwa. Babu alitoa sharti moja: mashine imsalimu kwanza.

"Jana nilipojaribu, herufi za Bibi zilitoka," mjukuu alisema. "Leo nimeongeza salamu yako, zimegoma."

"Basi mashine yako haikulelewa."

"Imelelewa kupita kiasi, Babu. Njia ya kutolea maandishi hushika desturi ya aliyetangulia kupita. Salamu nimeitoa kwa amri ya herufi nyembamba, hizi za kawaida. Za Bibi, kwa kuwa ni za lugha nyingine, hutolewa kwa amri ya herufi pana. Zikifika zinakuta njia imeshaamua, zinarudishwa kimyakimya."

Mzee aliikazia macho salamu ile. Kwa miaka arobaini mkewe aliingia chumbani na neno mdomoni, naye, bila kuinua macho kwenye madaftari, akamkatiza: "Salamu kwanza." Mke alisalimu, tena kwa heshima zote. Kisha akaulizwa alitaka nini, akasema si kitu. Mume alihesabu hayo kuwa ni malezi mema ya nyumba.

"Lakini si neno," mjukuu aliendelea. "Salamu nayo nitaitoa kwa amri ya herufi pana, vyote vipite."

"Ifute."

"Wewe, Babu? Uliyenirudisha mlangoni mara tatu kwa kusahau shikamoo?"

"Ifute, mama. Mwache aingie."

Mjukuu alifuta mstari mmoja, akaiunda programu upya, akabonyeza. Herufi zikashuka kiooni, pana, zenye mikunjo na vikonyo, zikajaza weusi wote.

"Inasemaje?" mjukuu aliuliza.

Midomo ya mzee ilicheza bila sauti akisoma. *Nina jambo la kukwambia, si kubwa. Una haraka?*

Alivuta kiti karibu, akaketi, akaiweka mikono magotini.

"Sina," alisema, kwa lugha ile ambayo hakuna mwingine nyumbani aliyeielewa.