Maboga ya Bonde la Herminia

Jumamosi ya kwanza ya Oktoba, saa nne na robo asubuhi, baba mmoja aliyetoka Chicago na mke na watoto watatu aliinama katika bonde la nyuma la shamba la Hoekstra ili anyanyue boga alilolichagua kununua. Alikuwa amevaa shati jipya la drafti ambalo mikunjo ya dukani ilikuwa bado haijamtoka mgongoni. Boga lenyewe halikuwa kubwa, lilikuwa sawa na sufuria ya wali wa watu wanne, na kikonyo chake kilikuwa kimeshakatwa. Akalivuta, halikutoka. Akapiga goti, akalikumbatia, akavuta tena mpaka mishipa ya shingo ikamsimama.

"Chagua jingine," mkewe akamwambia. "Hilo limegoma."

Jingine nalo lilikuwa limegoma. Hadi saa sita mchana, tela la trekta lilikuwa limeteremsha watu kama mia mbili bondeni na kuwarudisha wote mikono mitupu. Hakuna aliyepiga kelele. Wengine walisema mvua za Septemba zilizidi, maboga yamekunywa maji mengi. Watoto walikalishwa juu ya maboga palepale yalipo, wakapigwa picha, wakarudi juu kula donati.

Lorna Hoekstra, mwenye donati, akavaa viatu vya mpira akashuka kujaribu mwenyewe. Kisha akashuka mumewe Dale na trekta la pili na mnyororo. Akaufunga mnyororo kwenye boga la kadiri, akatia gia. Magurudumu ya mbele ya trekta yakanyanyuka juu, yakakaa hewani kidogo, yakatua. Mnyororo ukachomoka bila kulikwaruza boga. Dale akazima injini akabaki kitini akitazama usukani.

"Mwite Herminia," Lorna akasema.

"Yuko juu ya ngazi, anachuma."

"Si ndiyo maana nasema aitwe?"

Herminia Zavala alikuwa na vuli ishirini na mbili katika shamba hilo. Alianza kama mchumaji, akaja kuwa mkuu wa wachumaji. Wageni wa Jumamosi huchuma matufaha katika mistari minne ya karibu na geti, ambako miti ni mifupi na mtoto anaweza kulizungusha tunda mpaka likaachia lenyewe. Vilima vyote vilivyobaki huchumwa na Herminia na wenzake, Jumatatu mpaka Jumamosi. Jumapili shamba hufungwa, hata Oktoba, hata kama nusu ya Chicago imesimama getini. Upande huu wa Michigan watu ni wajukuu wa Waholanzi, na Jumapili yao ni kanisa.

Bonde la nyuma halikuwahi kuwafaa kitu. Baridi ya Mei huteremka vilimani usiku na kutuama humo, inachoma maua yote ya mitufaha kabla hayajawa kitu. Mzee Gerrit Hoekstra, babake Dale, alipanda mara tatu na mara tatu akang'oa kuni. Ndipo Mei moja, miaka saba iliyopita, akasimama ukingoni pamoja na Herminia, akamwambia, "Bonde hili chukua wewe. Ni lako." Wakapeana mkono. Nemesio, shemeji yake Herminia, alikuwapo ameegemea jembe. Tangu siku hiyo Herminia alipanda maboga yake, akapalilia baada ya kazi, akauza mwenyewe chini ya mwavuli wa kijani.

Karatasi hakuomba. Hapa ndipo watu wa kwingine hushindwa kuelewa. Wajukuu wa Waholanzi hawa hawaandikiani. Ndiyo yao ni ndiyo, na kumwomba mtu kama Gerrit aandike ni sawa na kumwita mwongo mbele ya mkewe. Herminia aliijua desturi hiyo kama mwenyeji, akaiheshimu. Sisi Waswahili husema mali bila daftari hupotea bila habari, lakini Mswahili wa wilaya nzima nilikuwa mimi peke yangu, na sikuulizwa.

Gerrit akafa Machi iliyotangulia Oktoba hiyo. Mwezi wa Juni, mimea imeshatambaa bonde zima, Dale alikuja nyumbani kwa Herminia na paja la nguruwe lililofungwa utepe. Akalitua mezani. Akasema kwa upole, maana Dale ni mpole, kwamba wakili amepekua kila droo na hakuona kitu, kwa hiyo bonde linarudi shambani pamoja na kilichomo. Herminia alimsindikiza mpaka mlangoni. Kisha akakasirika, akakasirika kwelikweli, akamtupia mbwa wa Nemesio lile paja pamoja na utepe wake.

Basi siku hiyo ya Oktoba alishuka kwenye ngazi, akafuta mikono kwenye aproni, akaenda bondeni. Binti mdogo wa yule baba wa Chicago alikuwa bado amesimama kando ya boga lake, hataki kuondoka.

"Hili ndilo unalotaka?" Herminia akamwuliza.

"Hili hili."

Herminia akalinyanyua kwa mkono mmoja, akaliweka kiunoni, akapangusa udongo. "Haya, shika. Nakupa."

Mtoto akalipokea akaenda nalo mwenyewe hadi kwenye tela. Kuanzia hapo lilikuwa na uzito wa boga lolote.

Nemesio alikuwa akitazama kutoka mistari ya juu. "Shemeji," akaita kwa sauti, "hayo maboga yanakujua kuliko mke wangu anavyonijua mimi!"

"Mkeo anakujua sana," Herminia akamjibu. "Ndiyo maana hakunyanyui."

Wachumaji wakacheka mpaka matufaha yakaanguka.

Jumatatu Dale alimfuata kwenye banda la kufungashia matunda. Akasimama akichezea kofia.

"Nilikuwa nafikiri," akasema, "kama ungekaa bondeni mwezi huu wote. Ngazi tutamwachia Nemesio."

"Dale, unajua kwa nini hayanyanyuki."

"Najua."

"Basi?"

"Basi wakili anasema boga si karatasi."

"Baba yako alinipa mkono."

"Baba alipeana mikono na watu wengi, Herminia."

Herminia angeweza kukataa, na Oktoba yote ya Hoekstra ingeoza pale chini. Nemesio alimshauri hivyo, kwa maneno ambayo siyaandiki. Lakini Herminia alikuwa na hesabu yake, na alikuwa na hakika nayo. Hawa ni watu wa aibu, alimwambia shemeji yake. Mtu wa namna hii humlazimishi. Unamwonyesha, unanyamaza, unamwonyesha tena. Dale atapita pale mara kumi kwa siku, na kila mara atauona mkono wangu ukifanya ambalo trekta lake limeshindwa. Likitoka boga la mwisho, atakuja mwenyewe na kalamu.

"Shemeji, hao wana aibu ya Jumapili," Nemesio akasema. "Leo Jumatatu."

"Tutaona."

Akakaa bondeni. Alinyanyua maboga asubuhi hadi jua linapozama, makubwa kwa madogo, na hakuchoka, kwani kwake yalikuwa mepesi kama mikate. Wageni walizoea upesi. Walipanga foleni, wakaonyesha kwa kidole, wakapokea. Kabla ya kupiga picha walimwambia kwa adabu, "Mama, samahani, sogea kidogo upande ule, umeingia." Alisogea. Kibao cha CHUMA MWENYEWE kiliendelea kusimama mwanzo wa bonde, na Lorna akakipaka rangi upya. Watu walirudi makwao wakisema tumechuma wenyewe, na picha zote zinaonyesha hivyo.

Alhamisi moja walikuja wazee wawili wa kanisa, wamevaa makoti safi. Habari ilikuwa imewafikia. Kila mmoja akainama akajaribu boga, akashindwa, akajinyoosha akishika kiuno. Kisha wakamwita Nemesio.

"Gerrit alisema bonde ni la Herminia?"

"Alisema. Nilikuwa nimesimama hapo ulipo wewe."

"Hatuna shaka," mzee wa kwanza akasema.

"Hata kidogo," akasema wa pili.

"Kwa hiyo?" Nemesio akauliza.

"Kwa hiyo ni jambo la karatasi."

Wakamwomba Herminia boga mojamoja la kupelekea wake zao. Akawapa. Mmoja wao akausifu udongo wa bonde, akasema mwenye bonde ana mkono mzuri.

Siku ya mwisho ya Oktoba lilibaki boga moja, pana, la kuwekwa kizingitini. Dale akaja kulichukua. Hakujaribu kulinyanyua. Alisimama akalitazama, na Herminia akamtazama yeye, kwa sababu alikuwa bado na uhakika wa ile kalamu.

"Umetuokoa mwaka huu," Dale akasema. "Mimi na Lorna tunakushukuru sana."

Herminia akangoja. Upepo ukapita. Dale akalinyooshea boga kidole. Ndipo Herminia akajua kwamba hesabu yake ilikosea, na ikamuuma.

"Hilo sikupi," akasema.

"Sawa," Dale akajibu kwa upole. "Naelewa."

Boga likabaki. Theluji ikalifunika miezi minne, ikayeyuka, likawa vilevile, bichi na imara. Mwezi wa Aprili Dale akaleta kijiko cha kuchimbia udongo na malori ya kokoto, kwa kuwa wageni walikuwa wengi na magari yao yalikuwa yakizama kwenye nyasi za kilimani. Bonde likasawazishwa likawa maegesho. Dereva wa kijiko alilisukuma lile boga nusu saa, akaacha. Wakalizungushia mstari wa rangi ya njano na kuliandika kwenye ramani kama mahali pa kugeuzia magari.

Jumamosi ya kwanza ya msimu magari mia na themanini yaliingia bondeni. Hadi jioni hakuna lililotoka. Injini ziliwaka vizuri, gia ziliingia, magurudumu hayakuzunguka. Watu walishuka, wakazungukazunguka, wakarudi kununua donati zaidi. Dale hakufunga mnyororo popote safari hii. Alipanda kilimani kwa miguu, akasimama chini ya ngazi ya Herminia na kofia mkononi.

Herminia alishuka baada ya kuujaza mfuko wake. Alipita kati ya magari akigonga kila boneti kwa kiganja na kusema, "Haya, nenda." Kila gari aliloligonga liliondoka.

Kuanzia wiki hiyo akapewa fulana ya reflekta ya njano yenye jina la Hoekstra mgongoni, na kiti, na mwavuli wa kijani uliotolewa stoo. Analipwa kwa saa kama mchumaji yeyote. Anaonyesha kila gari mahali pa kukaa, na gari hukaa hapo mpaka atakapotaka. Wageni wakorofi wanaotupa makopo chini hukawia kidogo kuondoka. Madereva wa mabasi ya shule wanamwita bosi, na hawatanii.

Ijumaa ya pili Dale alitaka kutoka na pikapu yake, amevaa koti la kanisani. Nyuma yake yalikuwa yamepangana mabasi matatu ya watoto wa shule. Pikapu ikanguruma bila kusogea. Dale akashusha kioo.

"Herminia, tafadhali."

Herminia alikuwa na kikombe cha kahawa. Akakaribia taratibu, akaegemea mlango. Kwenye kiti cha pembeni kulikuwa na bahasha kubwa.

"Unakwenda wapi umependeza hivyo?"

"Mjini. Kwa wakili."

"Kufanya nini?"

Dale alitazama usukani. "Hati zimetoka. Nakwenda kutia saini."

"Hati za wapi?"

"Za hapa. Za bonde. Kwa jina langu."

Herminia akanywa kahawa yake. Katika basi la kwanza watoto walikuwa wameanza kuimba. Nemesio, aliyekuwa akipita na toroli la matufaha, akasimama.

"Muache humo humo, shemeji," akasema. "Tutakuwa tunamletea donati."

"Sema kwanza," Herminia akamwambia Dale.

"Niseme nini?"

"Unakijua."

Mabasi yakapiga honi. Dale akavua kofia akaiweka juu ya bahasha, akashika usukani kwa mikono miwili.

"Baba alikupa," akasema.

"Alinipa nini? Nemesio hasikii."

"Bonde. Alikupa bonde. Wote tunajua alikupa."

"Ahsante," Herminia akasema, akaigonga boneti kwa kiganja. "Haya, nenda."

Pikapu ikaondoka. Dale akaenda mjini, akatia saini kila penye alama, akarudi kabla ya chakula cha mchana. Alisimamisha gari mwanzo wa kokoto, akashusha kioo, akamwuliza Herminia aegeshe wapi.