Huruma ya Ezron

Mchungaji Enoka alikuwa na desturi yake pale Itumba: hatangazi ndoa ya mtu mpaka amkalishe kwenye benchi la ofisi ya kanisa na kumuuliza swali moja, tena mbele ya ndugu. Jenista alilijua swali hilo tangu kwao Tunduma. Jibu lake alikuwa amelifanyia mazoezi mbele ya kioo, na lilikuwa tamu, maana yeye ni binti wa fundi cherehani wa mpakani, Kiswahili amekinyonya kwa mama.

Ezron, mchumba wake, hakufanya mazoezi yoyote. Ni Mlambya wa milimani, kijana wa jembe, na mwaka ule wa kuhamia vijiji vya ujamaa alikuwa amewajengea wajane nyumba kabla hajamaliza ya kwake. Mikono yake ilisema sana. Mdomo wake, Mungu anajua.

"Ndugu Ezron," mchungaji akauliza, "unampenda binti huyu?"

Ezron akajibu, "Ninamwonea huruma."

Shangazi Ferista, aliyemsindikiza Jenista kutoka Tunduma, akaangua kicheko mpaka kitenge kikamdondoka begani. Jenista yeye aliona giza. Huruma! Ya mbuzi aliyevunjika mguu! Ya maskini anayebisha hodi! Akainuka akatoka bila kuaga, na moyoni ndoa ilikuwa imekwisha. Alichotafuta sasa ni gari la kumrudisha kwao.

Ezron akamfikia barabarani, anahema. "Nimekosa nini, Jenista?"

"Nenda kawahurumie wajane wako! Mimi nilitaka kupendwa."

"Kupenda?" Ezron alishangaa kweli, si utani. "Kupenda napenda maharage. Yakilala yakachacha, nayamwaga. Kwetu nyumbani baba humwambia mama neno moja tu la Kilambya, lusungu. Nikitafuta Kiswahili chake napata huruma. Ndiyo hiyohiyo tunayomwomba Mungu kila Jumapili, si nyingine. Wewe ukiugua, ukizeeka, ukichacha hivi kama leo, nitakumwaga wapi?"

Jenista alitaka kucheka, alitaka kulia, na hasira nayo haikukubali kushuka kirahisi. Alimpenda, jamani, hilo halikuwa na mjadala. Alimpenda kwa mabega yake na kwa ile aibu yake ya kutazama chini akisifiwa. Lakini siku mabega yakiinama, na aibu ikageuka ukimya wa kuudhi, je? Alijitafuta moyoni, na hakuona jibu la kulitegemea. Hapo ndipo alipoogopa, na hapo ndipo alipomwona Ezron vizuri.

Wakarudi ofisini. Shangazi alijiuma midomo asicheke tena. Mchungaji, kama mtu ambaye hakuona lolote, akamgeukia binti.

"Na wewe, Jenista, unampenda Ezron?"

Lile jibu tamu lilikuja lenyewe mpaka ulimini. Akalimeza.

"Mimi bado nampenda tu, mchungaji," akasema kwa sauti ndogo. "Hiyo huruma yake sijaifikia. Naomba mnifungishe ndoa huku najifunza."

Mchungaji Enoka akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akaifuta tena. Jumapili iliyofuata tangazo lao likasomwa.