Tarehe ya Mama Milembe

Shigela alipokuja kumwambia dada yake kwamba msonge wa mama yao utabomolewa, hakukaa kitini. Alisimama mlangoni huku akizungusha ufunguo wa pikipiki kidoleni, akiuangalia ua kama mtu anayepima kiwanja.

"Msimu huu ushirika hauko peke yake, dada. Kampuni za watu binafsi zinaingia. Mimi ndiye wakala wao hapa, na pamba haiwezi kulala nje. Ghala litakaa hapa hapa. Wewe nitakujengea chumba cha bati, kizuri kuliko pango hili."

"Na ukuta?" Kwandu aliuliza.

"Ukuta gani?"

Shigela aliujua vizuri. Marehemu Milembe alikuwa akiuchora ukuta wa ndani wa msonge ule kila baada ya mavuno: ng'ombe wa udongo mwekundu, wanawake wakitwanga mtama, na nyoka wa masizi aliyekizunguka chumba kizima mpaka mkia wake ukakikaribia kichwa. Hakuna aliyemwagiza kufanya hivyo. Tangu azikwe, mwaka uliotangulia, Kwandu alikuwa akilala humo peke yake. Mumewe alikwisha kufa zamani, na binti yake wa pekee, Wilhelmina, alifanya kazi kwa masista huko Mwanza.

Ni Wilhelmina aliyemtumia kalenda ya mwaka ule. Kila mwezi ulikuwa na picha moja, na chini yake jina la mchoraji na siku aliyozaliwa. Mwalimu Constantine wa darasa la watu wazima alimfasiria maneno, na Kwandu akawazoea wachoraji wale kama mtu anavyowazoea majirani. Tarehe thelathini Machi alichemsha chai ya maziwa, akaweka vikombe viwili: kimoja chake, kimoja cha yule Mholanzi wa mashamba ya ngano aliyezaliwa mwaka 1853. Chai ya mgeni ilipopoa, aliinywa mwenyewe. Alijua kwamba ni upuuzi. Lakini siku hiyo alikuwa amepata mtu wa kumwambia karibu.

Sasa ulikuwa Aprili, na picha ilikuwa ya Mwitaliano aliyezaliwa mwaka 1452. Zaidi ya miaka mia tano, na siku yake bado ilikuwa imeandikwa! Mama yake hakuwa ametimiza mwaka kaburini, na tayari ukuta wake ulikuwa unaulizwa ni ukuta gani.

"Subiri siku ya kuzaliwa ya mama," alimwambia Shigela. "Uje na mkeo na watoto, tumkumbuke mbele ya kazi yake. Baada ya hapo bomoa."

Shigela aliangua kicheko. "Siku ya kuzaliwa! Darasa hilo litakutia wazimu, dada. Mama mwenyewe hakuijua. Na keki nani ataoka, ng'ombe?" Kisha akauona uso wake. "Haya, nitasubiri, na nitakuja. Ila iwe siku ya kweli, usinizungushe."

Kwandu alikwenda Malampaka kwa bibi Nyamizi, aliyekua pamoja na mama yake.

"Mwadila, mayu," alimsalimu kwa Kisukuma, akimwita mama, akiwa amepiga magoti.

"Mwadila, mwanangu. Umekonda! Huko kwenu mnakula herufi?"

Kwandu alicheka, akaeleza shida yake. Bibi Nyamizi hakuhitaji kufikiri. Mama mzazi wa Nyamizi ndiye aliyemzalisha mama wa Milembe, na kisa hicho alikuwa akikisimulia mara kwa mara: uchungu ulimshika shambani, asubuhi walipoanza kung'oa karanga.

"Tarehe je, bibi?"

"Tarehe walikuwa nazo wazungu wa mizani ya pamba. Sisi tulikuwa na karanga." Kizee akamsogelea. "Lakini mbona unahangaika? Mwambie ni Desemba. Nani atakupinga? Walioshuhudia wote wako chini. Kaa na ukuta wako."

Njia nzima neno lile lilimfuata. Desemba! Alipofika nyumbani alifunua kurasa za kalenda mpaka ya mwisho, akaitazama miraba yake mitupu. Kila mmoja kati ya wale wachoraji alikuwa na siku yake. Mama yake angeingia kati yao na siku ya kuazima, iliyochaguliwa kwa ajili ya kuzuia ghala. Akazirudisha kurasa mahali pake. Kesho yake alimpelekea Shigela ujumbe: siku ya mama ni siku nitakayoanza kung'oa karanga.

Tangu hapo, kila asubuhi aling'oa shina moja na kupasua maganda. Yalipokuwa meupe kwa ndani, dalili kwamba karanga hazijakomaa, alirudi nyumbani akiimba. Mvua zilikawia kuisha, naye akazishukuru. Lakini asubuhi moja ya Mei alikuta maganda yamepiga rangi ya kahawia ndani. Alijaribu shina jingine upande wa pili wa shamba. Hali ilikuwa ile ile. Akamwita jirani yake Deogratias, aliyekuwa akielekea Bariadi, alikokaa Shigela, kwa baiskeli.

"Mwambie Shigela naanza kesho. Mwambie nawasubiri."

Kesho yake aling'oa mpaka jua likawa utosini, akachemsha sufuria nzima ya karanga, akafagia, akatandika mikeka ya watu sita. Jioni Deogratias alisimama uani bila kushuka kwenye baiskeli.

"Anasema hawezi, mayu. Matajiri wake wamefika kukagua mizani. Anatoa salamu za siku ya mama. Na mafundi wanakuja asubuhi."

Kwandu alimshukuru. Akaingia ndani, akawasha kibatari, akala peke yake mbele ya ng'ombe wekundu.

Mafundi walianza na paa. Kwandu alikuwa ameketi nje juu ya sanduku lake wakati mmoja wao alipomwita. "Mayu, hebu njoo uone!"

Nyasi zilikuwa zimeondolewa zote, na jua lilikuwa limeingia mahali ambapo halijawahi kuingia. Ukuta ule aliujua kwa mwanga wa kibatari na wa mlango mfupi tu. Nyoka hakuwa mweusi. Mwili wake wote ulitiwa vidoa vya buluu ya kufulia. Na juu kabisa, chini ya fito za paa, mahali ambapo mwanga haukufika hata siku moja, palikuwa na ndege wengi, kila mmoja na mkao wake. Mama yake alipanda juu ya kitu, gizani, akawachora, akashuka, wala hakumwambia mtu.

"Karanga ziko kwenye sufuria," Kwandu aliwaambia mafundi. "Kuleni kwanza."

"Bosi anataka tumalize leo, mayu."

"Mtamaliza."

Walitoka. Aliwasikia wakitaniana na kutupa maganda. Yeye aliketi sakafuni, katikati ya chumba kisicho na paa, akageuka taratibu kuwafuata ndege wale mzunguko mzima, kisha akaanza tena. Jua lilipohama ukutani aliinuka, akajipangusa kanga, akatoka.

"Endeleeni," alisema.