Nani Aliianzisha Wifaq

"Mpira ulitoka kwenye sanduku langu mimi," alisema mume wangu Marhoun kwa mara ya nne. "Niliupakia Tabora, ukasafiri pamoja na pasi ya mkaa ya mama. Bila ya mpira kuna timu?"

"Na mpira bila ya jezi, bila ya jina, ni timu?" akajibu kaka yangu Sleyum. "Jina nililitia mimi. Rangi nyekundu na nyeupe nilizitia mimi, ndizo walizokuwa wakivaa kina baba Unguja. Nyinyi wa bara mlikuja na mpira umetoboka."

"Haukutoboka. Ulipungua upepo."

Ilikuwa Jumatano, saa saba na robo mchana. Nilikuwa nimekaa mbele ya kompyuta, na kwenye ukurasa palikuwa na kichwa cha habari tu: Historia ya Timu ya Wifaq, Ibra. Chini yake weupe mtupu.

Klabu kubwa ya Ibra, mji wa Kiarabu walikotoka babu zetu na sisi tukaurudia, iliziandikia timu zote za mitaa: leteni karatasi moja, nani aliianzisha timu, mwaka gani, rangi zipi. Mwisho Jumatano hiyo ya mwaka 2004, saa nane. Timu isiyoleta itaunganishwa na jirani yake. Jirani yetu ni mtaa wa chini, wanaovaa kijani, na kwa miaka kumi na mitatu hatujacheza nao mechi ikaisha bila ya mtu kushikwa shati. Mwanangu Zuhair ndiye nahodha wa Wifaq. Asubuhi ile alipokuwa akitoka kwenda kazini aliniambia, "Mama, kijani sivai. Bora niache mpira." Na Zuhair akisema ataacha, huacha.

Wiki tatu wanaume wawili hawa walikuwa wakizozana juu ya mstari wa kwanza. Yote mengine nilikuwa nimeshayaandika: mechi ya kwanza na watu wa mji wa Al Kamil, tukafungwa tisa, mwaka wadi, ule mto mkavu tunaochezea, ulipoteremka na mafuriko ukachukua magoli yetu ya mabomba, tukayakuta kwa mwenye shamba mmoja, kashatandazia mzabibu, na akatwambia tusubiri mpaka avune. Hayo hayakumgombanisha mtu.

"Andikeni majina yote mawili," nilisema.

"Lipi mbele?" wakauliza kwa pamoja.

Nina diploma ya kazi za afisi. Hakuna somo lililonifundisha kujibu hilo.

"Shemegi," Sleyum akaanza tena, "wewe siku ile hata kiatu..."

"Na mimi siku ile niliwatoa," alisema mama mkwe wangu, Bi Ghanima. Alikuwa kakaa kwenye mkeka anatoa kokwa za tende, na hakunyanyua kichwa. "Na mkiendelea nitawatoa tena."

Ni kweli aliwatoa. Mimi nilikuwepo, nimeshika dele la kahawa. Alkhamisi moja ya mwaka 1991 sebule hii ilijaa wanaume, hawa wanasifu timu za Unguja, hawa wanasifu timu za Tabora, wa Bujumbura nao wana yao. Bi Ghanima aliingia, akauchukua mpira wa Marhoun juu ya kabati, akaurusha nje ya ukuta, ukaporomoka mpaka wadini. "Nendeni mkaoneshane huko," alisema. Wakaufuata. Walicheza juu ya changarawe mpaka maghribi, na Alkhamisi ya pili hawakupita tena nyumbani, walikwenda moja kwa moja wadini. Sleyum alitia jina baada ya miezi minne. Wifaq, maana yake mapatano. Nilicheka siku ile na nacheka mpaka leo.

Nikaanza kupiga chapa.

"Unaandika nini?" aliuliza Marhoun.

Nikamsomea: "Timu ilianzishwa mwaka 1991 na Bi Ghanima, alipowatoa wanaume sebuleni na kuwarushia mpira wadini."

"Haiandikwi hiyo," alisema Sleyum. "Hiyo ni kuwapa bara timu."

"Bara gani?" alisema Bi Ghanima. "Mimi nimezaliwa mtaa huu, nyuma ya mfereji wa falaji. Tabora nimepelekwa na miaka sita, na nililia njia nzima."

Sleyum akakaa. Marhoun ndiye aliyesimama.

"Mama Zuhair, jina la mama yangu likasomwe afisini na wanaume? Watu hawataji majina ya mama zao barabarani, wewe unalipeleka klabuni?"

Hilo lilikuwa neno, na huku ni neno kubwa. Nikaacha kuandika, nikamgeukia mwenye jina.

"Limo kwenye pasipoti," alisema Bi Ghanima. "Wanaume wa uwanja wa ndege washalisoma, na walilisoma vibaya. Andika, mwanangu. Na uandike vizuri."

"Watasema tulifukuzwa na mwanamke," alisema Marhoun.

"Hamkufukuzwa?"

"Tulifukuzwa, lakini..."

Saa nane kasoro dakika sita. Nilitoa karatasi kwenye printa, nikaenda kwenye mashine ya faksi ya duka la vipuri la Marhoun, ambayo aliiweka nyumbani kwa kuogopa vumbi la duka. Nikapiga namba ya klabu.

"Dada, tusubiri," alisema Sleyum. "Tushauriane kidogo."

"Mmeshauriana wiki tatu."

Mashine ikalia, ikaanza kuivuta karatasi. Marhoun aliishika ncha ya chini. Tulitazamana. Akiivuta itachanika, na klabu itapata nusu ya timu. Akaiachia. Karatasi ikapita yote, ikaangukia upande wa pili, na kijikaratasi cha majibu kikatoka: imefika, saa nane kasoro dakika nne.

"Sogeeni mlangoni," alisema Bi Ghanima. "Nataka kupita na sinia la tende."

Walisogea wote wawili.